Kwaya Juu ya Maneno ya Ayo

Ukienda kwa Fundi wa Video kutafuta mkanda wa harusi yako, hakukuuliza jina lako wala tarehe. Alikuuliza siku hiyo kuliharibika nini. Watu walishangaa, wengine walikasirika. Mama mmoja wa Nambis, mke wa katekista, aliapa mbele yangu kwamba kwenye ndoa yake hakikuharibika kitu hata kimoja. Fundi akamwambia arudi nyumbani akamuulize mumewe. Alirudi wiki iliyofuata amenuna, akasema kwa sauti ya chini kwamba viatu vya bwana harusi vilisahaulika, akafunga ndoa amevaa ndala. Fundi akapiga magoti, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda, akachomoa kaseti ndogo ya kamera. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, ilikuwa imeandikwa: "Nambis, ndala."

Kaseti zote zilikuwa hivyo. "Keki imeanguka." "Padri kachelewa, mvua." "Bibi kagoma kupiga picha." Nilimuuliza kwa nini haandiki majina kama watu wengine. Siku ya kwanza aliniambia majina yanafanana, kila nyumba ina Paulo na Maria wake. Siku nyingine alisema watu wanasahau tarehe lakini aibu hawasahau. Siku ya tatu akasema alianza tu na kaseti moja, akaona ataendelea. Zote tatu alizisema kwa uso mkavu wa mtu asiyetania. Mimi ni muuguzi, nimezoea mgonjwa anayenieleza ugonjwa mmoja leo na mwingine kesho, lakini kwa mgonjwa kuna kipimo. Kwa Fundi hapakuwa na kipimo.

Nilimfahamu tangu nikiwa mtoto, alipokuja kijijini kwetu Tlawi kutupiga video ya kipaimara. Enzi hizo kamera ilikaa begani, yeye akivaa koti la mifuko mingi hata kwenye jua kali, na sisi tulidhani kila mfuko una kamera nyingine ndogo. Hakuna kata katika wilaya yetu ambayo hakufika. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga video wa nafsi yake, na koti likatundikwa msumarini. Alichofanya ni kununua kompyuta iliyotumika na kidude kidogo chenye waya tatu, wa njano, mweupe na mwekundu, kinachounganisha kamera ya zamani na kompyuta. Akaweka kibao mlangoni, kwenye chumba chake nyuma ya saluni karibu na stendi ya Mbulu: "Tunahamisha mikanda." Hakukuwa na mwingine wa kumfanya awe "sisi". Alikuwa peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ndefu kuifanya. Mkanda wa saa moja unahama kwa saa moja. Huwezi kuuharakisha, maana kompyuta inaunasa jinsi kamera inavyousoma. Watu wengine wangewasha na kwenda kunywa chai. Fundi alikaa. Alikaa mbele ya kila mkanda tangu mwanzo hadi mwisho, mikono magotini, na kama wewe mwenyewe upo alitaka na wewe ukae. Ukimwambia apeleke mbele kidogo, hapo wanagawa soda tu, alikugeukia na kukuuliza, "Unataka kumruka nani hapo?" Swali hilo lilikuwa gumu. Ukitazama vizuri wale wanaogawa soda, utakuta mmoja ni shangazi yako.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba aliwaamkia. Mzee akitokea kwenye kioo, awe hai au alishazikwa, Fundi aliinua kichwa kidogo na kusema, "Shikamoo." Yeye mwenyewe alikuwa na mvi kichwa kizima. Nilimkuta mara moja akimwamkia mzee ambaye kwa hesabu yangu, siku ile ya kurekodiwa, alikuwa mdogo kuliko Fundi alivyo sasa. Nikamwambia, "Fundi, huyu umempita umri." Akasema, "Wakati napiga alikuwa mkubwa wangu." Nikasema lakini sasa je? Akamwamkia na mke wa mzee huyo.

Kwa kaseti zenye ukungu, na mikanda mingi ya kwetu huku juu milimani ina ukungu kwa sababu ya baridi na unyevu, alikuwa na debe la mahindi makavu. Alizifunga kaseti kwenye kitambaa, akazifukia kwenye mahindi siku tatu. Alidai mahindi yananyonya maji. Baadaye alifungua kila kaseti kwa bisibisi ya saa na kuufuta utepe kwa pamba yenye spiriti, nusu mita kwa nusu mita. Nadhani spiriti ndiyo iliyofanya kazi, lakini yeye sifa zote alizipa mahindi. Kisha mahindi hayo hayo aliyapeleka mashineni kusaga, na nimekula ugali wake.

Sasa niseme jambo ambalo wote waliomjua watalithibitisha. Fundi hakumtoa mtu kwenye video. Familia moja ilimbembeleza amkate mjomba mlevi aliyecheza mbele ya maharusi akiwa ameshika kuku. Alikataa. Msichana mmoja alikuja analia, akiomba aondolewe mchumba wake wa zamani aliyesimama kama mpambe kwenye sherehe ya dada yake. Alimpa kiti, akampa maji, akakataa. Neno lake lilikuwa moja tu, "Alikuwepo." Ukibishana aliongeza, "Mimi sifuti mtu." Wengine walimwita mkorofi kwa ajili hiyo. Mimi nilimheshimu, na ndiyo maana jambo letu halikuniingia akilini.

Jambo letu lilikuwa hili. Wazazi wangu walifanya jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa nyumbani Tlawi, na mimi sikuwepo. Nilikuwa chuo cha uuguzi mbali, kwenye mitihani, na hakuna aliyethubutu kuniambia niiache. Fundi alipiga video. Familia ikapewa kaseti kubwa ya deki, na niliporudi likizo niliiona. Kila kitu kilikuwepo, keki, mbuzi, misa, mpaka mahali ambapo mama yetu, ambaye sote tulimwita Ayo kwa lugha yetu, anasimama kutoa neno la shukrani. Ayo hakuwa msemaji. Lakini hapo amesimama muda mrefu, mkono mmoja umeshika ncha ya khanga, anaongea. Watu wanacheka. Halafu watu hawacheki tena, na mwanamke mmoja anafuta macho. Na katika kipande hicho chote, kinachosikika ni kwaya. Wapiga video wa wakati ule waliweka nyimbo juu ya picha, sikatai. Lakini sehemu nyingine za mkanda aliacha sauti, hata hotuba ndefu ya diwani aliiacha yote. Alimfunika Ayo peke yake.

Nilimuuliza Ayo alisema nini. Akasema, "Nilishukuru." Nilimuuliza kaka yangu, akasema aliongea mambo ya ng'ombe. Sikujali sana wakati ule. Nilikuwa kijana, mama yangu alikuwa hai, na maneno yake niliyasikia bure kila likizo. Mengi yalikuwa yale yale: soma, kaa huko huko, usihangaike na nauli, huku hakuna jipya. Nikamaliza chuo, nikapangiwa kazi Lindi. Nikakaa huko huko kama alivyosema. Nilimwamini. Nilijiambia kwamba Ayo ni mwanamke imara, hana mambo ya kulialia, anafurahi binti yake kuwa mtumishi. Nikimpigia simu alikuwa wa kwanza kusema, "Haya, salio litaisha."

Alipofariki, baba akiwa alishatangulia, nilifika siku moja baada ya mazishi, kwa sababu ya umbali. Nikaomba uhamisho, nikarudi Mbulu, nyumba ikiwa haina mtu wa kunifukuza tena. Ndipo nilipogundua kwamba sina sauti yake. Sikuwa nimemrekodi hata mara moja kwenye simu. Mahali pekee duniani palipokuwa na sauti ya mama yangu ni kwenye ile kaseti ndogo ya kamera, kabla haijawekewa kwaya, na kaseti hiyo alikuwa nayo Fundi. Kaseti za kamera hakuzitoa kwa mtu, alizitunza zote chini ya kitanda.

Nilikwenda kwake nikiwa na uhakika. Nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri sana, akasema, "Pole mwanangu. Ule mkanda maiki ilikuwa imekufa."

Nikaondoka nimenyong'onyea. Nimefika nusu ya njia ndipo nikajiuliza, kama maiki ilikufa, hotuba ya diwani ilisikikaje? Nikarudi siku nyingine. Akasema siku ile Tlawi kulikuwa na upepo, ulipiga wakati Ayo anaongea, ikabidi afunike. Nikamkumbusha kuhusu maiki. Akakuna kidevu, akasema, "Upepo ndio uliiua." Mara ya tatu alisema alirekodi juu yake ubatizo wa Nambis. Mara ya nne alisema panya. Kila mara alinipa kiti, alinipa chai, na alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa. Sikujua kama amezeeka na anasahau, au ananidharau, au kuna mkanda mwingine anaouchanganya na wetu. Kwenye wodi ningeandika "anachanganyikiwa", ila sikujua niandike kwenye faili la nani.

Nikamuuliza kaka yangu, siku ya jubilei kuliharibika nini? Akacheka, akasema mbuzi alikula maua ya meza kuu. Jumamosi moja nikiwa kwa Fundi, mteja alimwita nje, nikavuta boksi lile mwenyewe. Sikukawia. Kaseti ilikuwepo, nzima, haijaguswa na panya yeyote: "Tlawi, mbuzi na maua." Aliporudi alinikuta nimeishika. Nilimwambia maneno makali ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa umri wake. Nilimwambia yeye anayejisifu hafuti mtu amemfuta mama yangu. Aliichukua kaseti mkononi mwangu bila nguvu, akairudisha ndani ya boksi. "Sijamfuta," alisema. "Bado tu." Nikamuuliza bado nini. Akawa ameshaanza kumhudumia mteja.

Sikwenda kwake tena kwa muda mrefu. Tukikutana sokoni nilimwamkia, maana shikamoo haina ugomvi, naye aliitikia marahaba na kunitazama kama mtu mwenye la kusema. Halafu macho yake yakaanza kuharibika, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Gehandu, upande wa Hanang, pamoja na kompyuta na maboksi yote. Chumba nyuma ya saluni kikawa duka la vifaa vya simu.

Mwaka huu akanipigia simu. Hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake. "Njoo Gehandu," alisema. "Kamera inakufa. Imebaki hii moja inayosoma, na sijui itasoma mara ngapi. Njoo kabla haijafa."

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Katesh, nikamalizia na bodaboda. Nilimkuta amekaa kivulini kwa ukuta, koti la mifuko mingi mwilini, limekuwa kubwa kuliko yeye. Binti yake alinipa maziwa. Fundi hakunipa nafasi ya kuyamaliza. Aliingia ndani akipapasa ukuta, akakaa mbele ya kompyuta, akaunganisha waya kwa vidole bila kuangalia.

"Nimekaa na neno la mtu muda mrefu," alisema. "Kamera hii ikifa nimelifuta. Na mimi sifuti mtu."

"Neno la nani, Fundi?"

"Utasikia. Ila ujue linaweza kupita mara moja tu."

Picha ilikuja na mistari, ikatulia. Meza, maua yaliyobaki, Ayo anasimama. Nikajiandaa kusikia sauti yake, nikasikia sauti ya Fundi. Ilikuwa karibu na maiki, nzito, ya mtu mwenye umri wa kati, inayonong'ona kwa Kiswahili: "Anasema anawasalimu wote." Sikuelewa. Nilimgeukia, akaninyooshea kidole kwenye kioo. Ndipo nikaona, ukingoni mwa picha, bega na upande wa uso wa mwalimu mkuu wangu wa shule ya msingi. Alikuwa mtu wa Tanga, hakujua neno la Kiiraqw, lugha yetu. Ndiye aliyewaendea wazazi wangu wanipeleke sekondari, na siku hiyo alialikwa kama mgeni wa heshima. Ayo alikuwa akiongea Kiiraqw. Fundi, akiwa na kamera begani, alikuwa akimtafsiria mwalimu sikioni, na kamera ilinasa kila kitu.

Nilisogeza sikio kwenye spika. Chini ya mnong'ono, kwa mbali, alikuwepo Ayo. Nikaanza kusikia watu wawili wakisema mambo mawili.

"Mwalimu huyu alikuja kwangu mara tatu kumwomba binti yangu," alisema Ayo. "Mara ya kwanza nilimfungulia mbwa."

Watu wakacheka.

"Anasema ulipofika alikupokea vizuri," alinong'ona Fundi.

"Mara ya pili nilisema mtoto anaumwa. Mara ya tatu nilichoka, nikamtoa. Na tangu nimemtoa napika ugali wa watu watano na tuko wanne. Naupima kila siku na kila siku nakosea. Gari likisimama barabarani nakwenda mlangoni. Wenzangu mnanipongeza, asanteni. Lakini mimi sijui kama nilifanya vizuri. Nyumba yangu ina shimo, na sitaki kumdanganya Mungu siku ya jubilei."

Hapo ndipo hawakucheka tena.

"Anasema anakushukuru sana, mwalimu," alinong'ona Fundi. "Anasema Mungu akubariki."

Bega la mwalimu likainama kwa heshima. Nilikuwa nalia na sikujua nalia lipi. Nilikuwa nimeishi na mama mwingine kabisa, yule wa "kaa huko huko", na huyu aliyesimama na khanga sikumfahamu. Nilitaka kumuuliza Fundi yupi ni wa kweli. Nilitaka pia kumgombeza kwa kumdanganya mwalimu, na kumshukuru kwa hilo hilo. Lakini picha ilikuwa inaendelea.

Ilipinduka, ikatua chini. Fundi aliweka kamera kwenye nyasi bila kuizima, akaelekea kwenye chakula nadhani. Zilionekana kwato za mbuzi, miguu ya meza, halafu miguu ya mwanamke, viatu vyeupe vya jubilei ambavyo Ayo hakuvivaa tena. Alisimama karibu kabisa na maiki. Sauti ikaja safi, kana kwamba yumo chumbani. Waliongea Kiiraqw, yeye na Fundi.

"Umemwambia nini mwalimu?"

"Nimemwambia unamshukuru."

Ayo alicheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau kabisa, kile cha kuvuta pumzi kwanza.

"Umefanya vizuri. Na hiki kidude chako kimeyashika maneno yangu?"

"Yote."

"Basi yafunike. Weka kwaya, weka unachotaka. Binti yangu akija likizo atataka kuiona hii, na akinisikia hatarudi chuoni. Namjua yule. Atakaa hapa na mimi."

"Na akija kuniuliza?"

"Mdanganye. Kaka yake nitamwambia hivyo hivyo."

"Mpaka lini, mama?"

Miguu ilisogea kwenye nyasi.

"Wewe utaona," alisema. Akaondoka, na mkanda ukaendelea kuonyesha miguu ya meza mpaka ukaisha.

Fundi aliuliza, akiangalia pembeni yangu kidogo kwa macho yale mabovu, kama angenipa mapema ingekuwa vizuri zaidi. Alisema amejiuliza sana. Alisema nilipokuja mara ya kwanza baada ya msiba alitaka kunipa, akaona nitajilaumu, akaniambia maiki. Akauliza tena, "Ayo alisema kweli? Ungebaki?"

Binti yake aliingia kuchukua kikombe cha maziwa, akatukuta tumekaa, akatoka taratibu. Nilijaribu kumjibu Fundi kwa uongo, kwa sababu ni mzee na aliubeba mzigo usio wake. Uongo haukuja.

"Ningebaki," nilimwambia.